Siku Kumi za Ramadhani

Barua niliikuta kwenye droo ya chini ya kaunta, imelaliwa na pakiti mbili za misumari ya bati na kitabu cha risiti kilichokwisha. Pakiti moja ilikuwa imepasuka, kutu ikashika kona ya bahasha. Ilikuwa Jumatatu, 22 Mei 2017, dukani kwa baba, Mbagala Rangi Tatu, nami nilikuwa natafuta daftari la madeni. Juu ya bahasha, kwa penseli nene ya seremala aliyozoea kuichomeka sikioni, baba alikuwa ameandika tarehe aliyoipokea: 6/3/2017.

Niliisoma nimesimama. Kurasa tatu, zote Kiingereza. Pingamizi letu limekataliwa, makadirio yanabaki yalivyo, na asiyeridhika anaweza kukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya muda wa kisheria. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei. Nikapata siku 77.

Sikujua wakati huo sheria inatoa siku ngapi. Nilijua tu kwamba 77 ni nyingi.

Siku hizi kazi yangu ni kuwatengenezea hesabu na ritani wafanyabiashara wadogo, wengi wao wa Temeke na wa huku Kinondoni ninakoishi. Karibu kila mwezi huja mtu na bahasha yake na swali lile lile: "Dada, muda umeshapita, kwani mahakama hazina huruma?" Zinayo. Nimeiona ikitolewa, na nimeshuhudia sisi wenyewe tukiikosa. Swali hilo sijalijibu hata mara moja bila kumkumbuka baba.

Baba aliuza bati, nondo, saruji na misumari kwa miaka 19. Alikuwa na TIN, mashine ya risiti, kila kitu. Mgogoro wetu na kodi ulianzia benki. Fedha zote zilizoingia kwenye akaunti yake kwa miaka mitatu zilihesabiwa kuwa ni mauzo. Lakini akaunti ile ilikuwa kisima cha ukoo. Shangazi wa Kibiti alipitishia humo fedha za korosho, na mama alikuwa anapokelea humo zamu yake ya upatu. Mdogo wangu mmoja, aliyekuwa akifanya kazi mgodini, alimtumia baba humo fedha za kumjengea nyumba. Yote yakawa mauzo, na kodi ikatoka Sh36 milioni.

Tulipinga ndani ya siku 30, kama inavyotakiwa. Na kupinga si bure. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayepinga makadirio aweke kwanza kodi ile asiyobishana nayo, au theluthi ya kodi yote iliyokadiriwa, kiasi kilicho kikubwa. Theluthi ya 36 ni 12. Baba aliuza kiwanja chake cha Kongowe, akalipa Sh12 milioni, kisha akakaa akisubiri jibu. Jibu lilipokuja, alilipokea Jumatatu, akaandika tarehe, akaliweka kwenye droo ili alionyeshe kwa mtu anayejua Kiingereza vizuri kuliko yeye. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tarehe 10 Machi, akaanguka dukani wakati anampimia mteja waya wa kufungia nondo. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalegea na ulimi ukafungana.

Alikaa hospitali hadi 24 Machi. Ndugu wakamchukua wakampeleka Kibiti, kwa shangazi, kwa sababu mama peke yake asingeweza kumgeuza kitandani. Alirudi Mbagala 7 Mei. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza juu ya barua, na hata tungemuuliza asingeweza kusema. Biashara nzima alikuwa ameibeba kifuani mwake. Hilo nalirudia kwa kila mteja hadi wananichoka: lazima awepo mtu wa pili nyumbani anayejua bahasha zinakaa wapi.

Sasa hesabu za sheria. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inampa asiyeridhika siku 30 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufani, na siku 45 za kuiwasilisha rufani yenyewe, zote zikianzia siku alipopewa uamuzi. Kwetu notisi ilikwisha muda 5 Aprili, na rufani 20 Aprili. Tarehe zote mbili baba alikuwa amelala Kibiti akilishwa uji kwa kijiko. Siku zinahesabiwa tangu unapopokea karatasi. Kama umeielewa, au una nguvu ya kuinuka, hayo huja kuulizwa baadaye, ukishakwenda kuomba kuongezewa muda.

Na maombi hayo yana mahali pake. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu Bodi kuongeza muda ikiridhika kwamba mtu alichelewa kwa sababu hakuwepo nchini, au aliugua, au kwa sababu nyingine ya msingi. Ya kwanza haijawahi kumfaa mteja wangu hata mmoja. Ya pili ndiyo tuliyokuwa nayo. Ya tatu ni pana, na humo ndimo wanamoishi watu wa Mbagala na Tandale: msiba, mafuriko, nyumba kuvunjwa, mtoto kupotea.

Wakili tulimpata kupitia jirani, na tulikutana naye Jumatatu, 29 Mei. Aliisikiliza hadithi yote, akasema ugonjwa wa mzee unajitosheleza. Akataja ada yake. Hatukuwa nayo. Ramadhani ilikuwa imeanza tu, duka linauza kidogo, na zamu ya mama kwenye upatu ilikuwa ifike wiki iliyofuata. Nikamwomba atusubiri. Tulimlipa Ijumaa, 9 Juni. Hati ya kiapo ikaandikwa, baba akaitia dole gumba la mkono wa kushoto mbele ya kamishna wa viapo, na maombi yakaingia masjala Ijumaa iliyofuata, 16 Juni.

Siku ya kusikilizwa nilikwenda mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeiona barua na kiapo changu kilikuwa humo ndani. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Wakili wetu alizungumza vizuri. Alionyesha kadi ya hospitali, barua ya kuruhusiwa wodini, na picha ya baba akiwa kitini. Upande wa pili haukubisha kwamba mzee aliugua. Wakili wao alisimama, akasema jambo moja tu: barua iligunduliwa 22 Mei, na maombi yameletwa 16 Juni.

Mwenyekiti akafunua kiapo changu, akasoma taratibu akifuata mistari kwa kalamu. Kisha akamuuliza wakili wetu: "Mheshimiwa wakili, tarehe 29 mmekutana. Tarehe 9 mnaendelea. Kati ya tarehe 30 Mei na tarehe 8 Juni, mwombaji alikuwa anafanya nini?"

Wakili alinigeukia. Kwenye kiapo tulikuwa tumeandika kwamba baada ya kugundua barua tulichukua hatua za haraka. Basi. Siku zile 10 hazikuwemo, kwa kuwa wakati tunaandika tuliona aibu kuiambia Bodi kwamba tulikuwa tunasubiri fedha za upatu. Wakili akajibu kwamba familia ilikuwa ikijipanga. Akaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba maelezo ya wakili akiwa amesimama si ushahidi. Na ni kweli, si ushahidi.

Maombi yalikataliwa. Ugonjwa wa baba ulikubaliwa wote, kuanzia siku aliyoanguka hadi siku nilipofungua droo. Kilichotuangusha ni siku 10 nilizokuwa mzima, nina miguu yangu miwili, nina simu mkononi.

Kwa miezi mingi nilikuwa na uchungu. Nilijiambia sheria imemlipisha mgonjwa theluthi ili asikilizwe, kisha haikumsikiliza. Deni lililobaki tulilipa kwa awamu pamoja na riba, na duka likapungua hadi likawa la misumari, rangi na kufuli. Lakini kazi ya hesabu ilinifundisha kuusoma upande mwingine wa karatasi. Nikaanza kusoma hukumu. Kwa bahati siku hizi zinawekwa kwenye intaneti bure, kwenye tovuti ya TanzLII, na yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Nilizisoma usiku, mama akiwa amelala, nikitafuta tulipokosea.

Niligundua kwamba swali la mwenyekiti lilikuwa limeulizwa mara nyingi kabla ya baba hajaanguka. Mwaka 2007 lilifika Mahakama ya Rufani shauri la maombi ambalo uamuzi wake unarudiwa hadi leo: hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, vinginevyo kanuni za kuweka muda hazina maana. Kisha kuna maombi Na. 2 ya mwaka 2010, kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa YWCA, yaliyoamuliwa mwaka 2011. Hayo kila wakili nchini anayajua. Humo Mahakama iliweka mizani yake wazi: mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii, isiwe uzembe wala kupuuza, na kama lipo jambo jingine zito, mathalani kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa, nalo litazamwe.

Niliposoma neno "chote" niliifunga simu.

Juu ya kasoro ya kisheria nataka niseme kidogo, kwa sababu watu wengi huikimbilia. Tangu shauri la Valambhia la mwaka 1992 inakubalika kwamba uamuzi uliovunja sheria unaweza peke yake kuwa sababu ya kuongezewa muda, kwa kuwa mahakama haiwezi kuona uharamu ikaufumbia macho kisa tarehe. Lakini katika Lyamuya ilielezwa kwamba kasoro hiyo ionekane wazi usoni mwa kumbukumbu, kama vile chombo kuamua jambo lisilo la mamlaka yake. Isiwe ya kutafutwa kwa mabishano marefu. Ubishi wetu ulikuwa wa ukweli wa fedha: hii ni ya korosho, hii ya upatu, hii ya mauzo. Huo si uharamu unaoonekana usoni. Wakili wetu hakuusema, na hakukosea.

Wengine hushika Katiba. Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, ni ibara ninayoipenda, na mwaka 2018 sheria za mwenendo wa mashauri ziliongezewa kanuni ya kuangalia haki kwanza, ile mawakili wanayoiita oksijeni. Nilishangilia nilipoisikia. Mwaka ule ule Mahakama ya Rufani, katika shauri la kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia, ikasema oksijeni hiyo haiwezi kutumika kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Na muda ni msingi. Asiwepo wa kukudanganya kwamba Ibara ya 107A inafuta kalenda.

Naelewa kwa nini. Kamishna Mkuu wa mamlaka ya mapato naye huchelewesha rufani zake na huomba kuongezewa muda, na sipendi aongezewe kirahisi dhidi ya mteja wangu aliyeshinda na kuanza kulala usingizi. Mizani ni moja. Kinachoniumiza ni mahali ambapo mizani si moja. Kenya, Kamishna asipoamua pingamizi ndani ya siku 60, sheria yao ya mwaka 2015 inahesabu kwamba pingamizi limekubaliwa. Hapa kwetu ana miezi sita, na ikipita bila jibu, makadirio ndiyo yanayohesabiwa kuthibitishwa, mlipakodi akakate rufani. Yaani ukimya wa mlipakodi unamuumiza mlipakodi, na ukimya wa serikali nao unamuumiza mlipakodi. Hili nalisema kila ninapopata nafasi, na sitaacha: kama sisi tunadaiwa maelezo ya kila siku, siku za upande wa pili nazo ziwe na gharama.

Nilipata jambo moja katika kusoma kule ambalo lilinikalisha kitandani. Ni rufani ya madai Na. 1 ya mwaka 2002. Mama mmoja, mjane, alikuwa amechelewa, na miongoni mwa sababu zake alisema hakuwa na fedha. Kwa kawaida ukosefu wa fedha haukubaliki, na Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi. Lakini ikaendelea: katika mazingira ya shauri lile, mwombaji akiwa mjane anayetegemea msaada wa kisheria, dhiki yake ya fedha haiwezi kuonekana jambo dogo.

Hakuna aliyenihakikishia kwamba tungeshinda kwa hilo. Baba hakuwa mjane wala hakuwa na msaada wa kisheria. Lakini mlango ulikuwepo, nasi hatukuugonga kwa sababu ya aibu. Tungeandika tu: kati ya tarehe 30 Mei na 8 Juni tulikuwa tunasubiri Sh800,000 za zamu ya upatu ili tumlipe wakili, kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa nusu na fedha zote zilikwenda kwenye matibabu. Mahakama zetu zinataka mtu unayemtaja kwenye kiapo naye aape, la sivyo maneno yake yanakuwa ya kuambiwa. Kijumbe wetu angeapa. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na upatu wake aliuandika kwenye daftari, jina, tarehe na sahihi, kwa unadhifu kuliko makampuni mengine ninayoyajua.

Mwaka 2022 alinijia kaka mmoja, muuza mbao wa Tandale. Alikuja kwangu Mwananyamala Jumapili asubuhi, bahasha iko ndani ya mfuko wa nailoni. Zilikuwa zimepita siku 57 tangu apokee uamuzi, yaani 12 nje ya muda wa rufani. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji kabla ya miezi kutimia, mtoto njiti, na walikuwa wamekaa wodini siku 38.

Sikumuuliza habari ya kodi. Nilimtuma mwanangu dukani akanunua daftari, nikapiga mistari ya safu tatu: tarehe, ulikuwa wapi, nani au nini kinaonyesha. Mistari 57. Tukaanza. Siku za wodini zilikwenda haraka, kadi ya mtoto ilikuwa na uzito wake wa kila siku kwa gramu, na kila uzito una tarehe. Siku aliyokwenda kuuza pikipiki ili anunue dawa, ilikuwepo hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Siku alizofungua banda la mbao tuliziandika pia. Alitaka tuziruke, akihofia wataona alikuwa na nafasi. Nikamkatalia. Mtu anaamini daftari lenye siku zote.

Tulipofika siku ya 41 alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Dada, hiyo nililala. Mtoto alikuwa ametolewa kwenye mashine jana yake. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa."

Nikaandika: nililala. Safu ya tatu nikaandika: mama yake mzazi, aliyemfungulia mlango.

Wakili, kijana wa kike mwenye haraka na asiye na maneno mengi, aliliangalia daftari lile, akachukua karibu kila mstari na kuuingiza kwenye kiapo. Mama mzazi aliapa. Muuguzi aliapa. Maombi yaliingia siku ya nne tangu Jumapili ile, na yakakubaliwa, bila gharama. Shauri la kodi lenyewe lilikuja kusikilizwa mwaka uliofuata. Sehemu ya madai ilifutwa, sehemu alilipa, na analipa kwa moyo mkunjufu kwa sababu alisikilizwa.

Niliwahi kumsimulia baba habari za daftari hilo. Anaongea sasa, polepole, na maneno mengine humkimbia. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza: "Mama, na mimi ningeandikiwa kulala?" Nikamwambia ndiyo, baba, yote tungeandika.

Mwezi uliopita ilikuja barua dukani. Mdogo wangu ndiye anayesimamia siku hizi, baba hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Kabla haijafunguliwa nilitumiwa picha kwenye simu: bahasha juu ya kaunta, na juu yake, kwa penseli ya seremala, namba zilizopinda za mkono wa kushoto, tarehe, mwezi, mwaka, na pembeni saa nne na robo asubuhi.

Nikampigia. Shikamoo, baba, nimeiona. Akasema, "Marahaba. Haya, anza kuhesabu."